Si Uvivu wa Mama

Kuna hukumu inayotolewa haraka mno kila penye mizani na mashine ya presha. Mama wa miaka 65 amekuja kliniki akilalamika kwamba anahema akipanda ngazi na miguu inamlemea akitoka sokoni. Amepimwa moyo akiwa amelala, umeonekana mzima. Anaambiwa atembee nusu saa kila siku, mishipa italainika, pumzi itaongezeka na presha itashuka. Baada ya miezi mitatu anarudi. Ametembea kweli, lakini namba kwenye mashine ni zile zile na pumzi haijaongezeka kama alivyoahidiwa. Basi anaangaliwa kwa jicho la pembeni: huyu hajitumi, au anadanganya, au jioni anakula ugali wa watu wawili.

Hukumu hiyo inatokana na imani kwamba mazoezi ni yale yale kwa kila mtu, na kwamba kila mwili hulipa sawasawa na jasho lililotoka. Wanaoieneza ni watu wema: wauguzi, viongozi wa klabu za jogging, watangazaji wa vipindi vya afya vya asubuhi, watoto wanaomnunulia mama yao raba mpya. Hakuna ubaya katika kumhimiza mama atembee. Ubaya uko kwenye ahadi anayopewa, kwa sababu kwa mwanamke mzee ambaye mishipa yake imeshakakamaa ahadi hiyo mara nyingi haitimizwi, na lawama ya kutotimizwa kwake inabebeshwa yeye.

Tuanze na mshipa wenyewe. Aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ina kazi kubwa kuliko kupitisha damu. Moyo ukisukuma, aota hutanuka na kuhifadhi sehemu ya damu ile. Moyo ukipumzika, aota hujirudi na kuisukuma mbele, ikiwemo ile inayoulisha moyo wenyewe. Kutanuka na kujirudi huko hutegemea nyuzi za elastini, ambazo mwili huzitengeneza kwa wingi mtoto akiwa tumboni na katika miaka ya mwanzo ya uhai, kisha mtu huishi kwa akiba ile ile. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara milioni 36 kwa mwaka. Fanya hesabu ya miaka 60. Nyuzi zinachoka na kukatika, nafasi yake inashikwa na kolajeni ambayo ni ngumu, na chumvi za kalisi nazo hujipachika kwenye kuta. Aota inakuwa kama mpira wa kufungia mzigo kwenye baiskeli uliokaa juani miaka mingi: bado unafunga, ila haujirudi tena.

Matokeo yake yanapimika. Kila pigo la moyo hutuma wimbi kwenye mishipa. Kwa kijana wimbi hilo hupita kwenye aota kwa kasi ya mita 5 au 6 hivi kwa sekunde. Kwa mzee linaweza kuvuka mita 10, na hapo ndipo wataalamu wa Ulaya walipoweka alama ya hatari. Wimbi likifika kwenye matawi ya chini, sehemu yake hugonga na kurudi. Katika mishipa laini hurudi wakati moyo umeshapumzika, likausaidia. Katika mishipa migumu hurudi mapema, likaukuta moyo ungali unasukuma. Hapo presha ya juu hupanda, na ya chini, kwa kukosa aota ya kuishikilia, hushuka. Utafiti wa Framingham, ulioanza mwaka 1948 katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, uliwafuatilia watu kwa miongo mingi ukaonyesha jambo hilo waziwazi: baada ya miaka ya hamsini, namba ya juu huendelea kupanda huku ya chini ikigeuka kushuka. Mama anayesomewa 165 kwa 70 na kupongezwa kwamba “ya chini iko vizuri” amepongezwa kwa dalili ya ugonjwa.

Sasa kwa nini mwanamke? Kwanza, kwa wastani yeye ni mfupi kuliko mwanamume na aota yake ni nyembamba, kwa hiyo wimbi lina safari fupi ya kwenda na kurudi. Pili, homoni ya estrojeni, ambayo katika ujana husaidia utando wa ndani wa mishipa kutoa nitriki oksaidi na kuilegeza, hupungua sana hedhi inapokoma. Watafiti wa kliniki ya Mayo huko Marekani waligundua pia kwamba kwa wanawake vijana, mishipa hulegea inapoguswa na kemikali za msisimko wa neva, na ulegevu huo husawazisha ule msukumo wa kuibana. Kwa wanawake waliokoma hedhi kinga hiyo haipo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Cardiology uliweka mistari ya presha ya wanaume na wanawake pamoja, ukaonyesha kwamba mstari wa wanawake hupanda kwa kasi zaidi tangu ujana, hata kabla ya hedhi kukoma. Kumpa mwanamke wa miaka 65 matarajio ya mwanamume wa miaka 65 ni kupuuza nusu nzima ya maisha yake.

Mpandishe mama huyu ngazi. Misuli inadai damu, moyo unaongeza kasi, na muda wa mapumziko kati ya pigo na pigo unafupika. Aota isiyotanuka inaipandisha presha juu zaidi, na moyo unasukuma dhidi ya mlango mzito. Ukuta wa moyo uliokwisha nenepa kwa kazi hiyo unachelewa kulegea na kujaa. Damu inarundikana nyuma, upande wa mapafu, na mama anasimama kwenye ngazi ya kumi na mbili akishika ukuta. Ndiyo sura ya ule moyo kushindwa ambao kipimo cha kusukuma huonekana cha kawaida. Takribani nusu ya wagonjwa wote wa moyo kushindwa wako katika kundi hilo, na wanawake ndio wengi humo. Anayepimwa amelala kitandani ameulizwa swali jepesi, na moyo wake umelijibu vizuri. Swali gumu liko kwenye ngazi, na kliniki nyingi haziliulizi.

Ahadi ya kulainisha mishipa haikutoka hewani, na walioiamini wapewe haki yao. Mwaka 2000 jarida la Circulation lilichapisha utafiti wa Hirofumi Tanaka na wenzake: watu wa umri wa kati waliokuwa hawafanyi mazoezi walitembea kwa muda wa miezi mitatu hivi, na mshipa wao wa shingo ukalainika kwa kiasi cha robo. Ni matokeo mazuri sana, na yalirudiwa katika kila semina. Kisichorudiwa ni kwamba washiriki wote wa utafiti ule walikuwa wanaume wenye afya njema.

Wanawake walipopimwa, hadithi ikagawanyika. Tanaka huyo huyo alikuwa ameshaonyesha mwaka 1998 kwamba wanawake wenye desturi ya mazoezi ya muda mrefu hufika uzeeni na aota isiyokakamaa kama ya wenzao. Kikundi chake kilionyesha baadaye kwamba hata wanawake waliokoma hedhi, wenye afya na wasio na presha, wakitembea kwa kasi miezi mitatu mshipa wa shingo hulainika. Watetezi wa ahadi hushika hapo. Lakini mwaka 2001 watafiti wa Australia waliwapa mazoezi ya wiki 8 watu ambao tayari walikuwa na ile presha inayopanda namba ya juu peke yake, yaani wale ambao mishipa yao imeshakuwa migumu kwelikweli. Mishipa haikubadilika hata kidogo. Na mama anayefika kliniki akihema ni wa kundi hilo la pili. Kumsomea matokeo ya kundi la kwanza ni kumpa dawa ya mgonjwa mwingine.

Kuna pia utando wa ndani. Huko Colorado, wiki 8 za kutembea kwa kasi ziliongeza uwezo wa mshipa wa mkono kutanuka kwa karibu nusu kwa wanaume wazee. Kwa wanawake waliokoma hedhi, walioutembea mwendo huo huo, hakukuwa na ongezeko. Mtafiti Kerrie Moreau na wenzake wakaenda hatua moja mbele. Waliwagawa wanawake waliokoma hedhi: wengine walipewa estrojeni, wengine kidonge kisicho na dawa, kisha wote wakafanya mazoezi kwa wiki 12. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Waliopata estrojeni mishipa yao iliitikia mazoezi. Ya wenye kidonge kitupu haikuitikia. Bidii ilikuwa moja, mwitikio ukawa mbali mbali, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuita tofauti hiyo uvivu.

Hapa huibuka mwenye haraka akasema: basi wote wapewe estrojeni. Aliyesema hivyo amesahau mwaka 2002, pale jaribio kubwa la Marekani lenye wanawake zaidi ya 16,000 liliposimamishwa kabla ya wakati kwa sababu mchanganyiko wa estrojeni na projestini uliongeza saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Homoni zina mahali pake, hasa kwa wanaosumbuliwa na joto na jasho la usiku miaka ya mwanzo ya kukoma hedhi, lakini kumpa bibi wa miaka 70 homoni ili matembezi yake yamlipe ni biashara ya hasara.

Kama mambo ni haya, mama atembee kwa ajili ya nini? Wahubiri wa ahadi hulitupa swali hili kama kitisho: ukiwaambia ukweli, watakaa kwenye kochi. Wanawadharau wanawake wazee, na zaidi ya hapo wanakosa sehemu tamu kabisa ya sayansi yenyewe.

Mwaka 1993 Robert Spina na wenzake wa St. Louis walichapisha matokeo ya wanaume na wanawake wa miaka ya sitini waliofanya mazoezi ya kuongeza pumzi kwa miezi 9 hadi 12. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa kiasi kinachokaribiana, karibu moja ya tano kwa kila jinsia. Ukiishia hapo utasema hakuna tofauti. Spina hakuishia hapo, alifungua ndani. Kwa wanaume, takribani theluthi mbili za faida zilitoka moyoni: kila pigo lilisukuma damu nyingi zaidi. Kwa wanawake moyo haukuongeza kitu. Faida yote ilitoka upande wa pili, kwenye misuli, ambayo ilijifunza kunyonya oksijeni zaidi kutoka katika damu ile ile iliyofika.

Matokeo haya yalistahili kubandikwa kwenye kila ukuta wa kliniki. Mwanamke mzee hupata nguvu kwa mazoezi, tena sana, ila huipata kwa njia nyingine. Mapaja, makalio na mashavu ya miguu ndiko benki yake iliko. Kwa hiyo kumpima kwa mashine ya presha peke yake ni kutafuta faida mahali isipowekwa. Mpime anainuka kwenye kiti mara ngapi kwa nusu dakika bila kushika. Mpime anatembea umbali gani kwa dakika sita kwenye varanda la hospitali. Muulize kama siku hizi anafika ghorofa ya pili bila kupumzika. Huenda presha imebaki pale pale huku maisha yake yamefunguka, na kliniki inayotazama namba moja tu itamwambia ameshindwa siku ile ile aliyoshinda.

Ndiyo maana ushauri wa “kutembea tu” hautoshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, lakini pia unataka mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili, na kwa wazee mazoezi ya mizani ya mwili siku tatu. Sehemu ya kwanza imetangazwa hadi vijijini. Ya pili na ya tatu, zile zinazomfaa bibi kuliko mtu mwingine yeyote, hazisikiki. Anayezitaja huambiwa kwamba vyuma ni vya vijana. Lakini huko Afrika Kusini, katika kitongoji cha Nkowankowa mkoani Limpopo, Beka Ntsanwisi aliwaanzishia mabibi timu ya soka iitwayo Vakhegula Vakhegula. Wanakimbia, wanageuka, wanapiga mpira wakiwa na miaka ya sitini na sabini, na mwaka 2010 walisafiri hadi Marekani kushindana. Kusimama ghafla, kusukumana na kuinuka baada ya kuanguka ni mazoezi ya nguvu na mizani, hata kama hakuna aliyeyaita hivyo.

Hata hivyo tahadhari ipo, na ni ya mishipa. Anayeinua uzito huku amebana pumzi hupandisha presha kwa kiasi cha kutisha. Mwaka 1985 watafiti wa Canada waliweka vipimo ndani ya mishipa ya vijana wanaobeba vyuma, na waliposukuma kwa miguu yote miwili wastani ulifika 320 kwa 250. Kijana mwenye mishipa laini alimaliza na kwenda zake. Bibi wa 165 kwa 70 aanze na uzito mdogo, atoe pumzi anaponyanyua, aongeze polepole, na awe ameshapimwa.

Upande wa pili wa malumbano wako wanaosema mabibi zetu hawakuhitaji haya yote, walilima, walibeba kuni, wakawa wazima. Ni maneno matamu ya sikukuu. Wilayani Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa na presha. Hai ni nchi ya migomba na kahawa, na hakuna anayeweza kusema wazee wale wamezeekea kwenye makochi. Wamepanda vilima tangu utotoni. Kazi ile iliwapa miguu na mifupa, lakini haikuwakinga na presha. Kazi ya shamba haifuati ratiba ya mwili: kuna msimu wa kuinama kutwa nzima, kuna siku ya kubeba mkungu kwa pumzi iliyobanwa, na juu yake kuna umri, ambao jembe haliusimamishi.

Kama kuna jambo mishipa inalipenda, ni kuwahi na kurudia mara kwa mara. Maabara ya Benjamin Levine huko Dallas iliwapima watu 102 waliopita miaka 60 kwa mujibu wa desturi zao za maisha. Waliofanya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki mishipa yao ya ukubwa wa kati, kama ya shingoni, ilikuwa laini zaidi. Ili mishipa mikubwa ya kifuani nayo ibaki ya kijana, ilihitajika mara nne au tano, miaka nenda miaka rudi. Maabara hiyo hiyo iliwachukua wazee wa miaka zaidi ya 65 wasio na mazoea, ikawafanyisha mazoezi makali mwaka mzima. Pumzi iliongezeka, ukakamavu wa moyo ukabaki. Ilipowachukua watu wa miaka 45 hadi 64 kwa miaka miwili, moyo ulilainika. Na watafiti wa Copenhagen waliowafanyisha mazoezi makali wanawake wa karibu na ukomo wa hedhi, kabla na baada kidogo, waliona wale waliokoma hedhi karibuni wakinufaika sana.

Dirisha, basi, liko kwenye miaka ya arobaini na ya hamsini. Na nani anamhimiza mwanamke wa miaka 47 afanye mazoezi mara nne kwa wiki? Huyo ndiye anayeamka saa kumi na moja, anayepika, anayefungua duka, anayeuguza mama mkwe, anayerudi usiku. Jamii nzima humwachia afe na kazi, kisha akifika 65 humkabidhi raba na kumwambia sasa jali afya yako. Anayetaka kweli kulainisha mishipa ya wanawake aanze kwa kumpunguzia mwanamke huyo masaa matatu ya kazi za nyumbani kwa wiki. Waume wengi wanaosambaza ujumbe wa afya kwenye makundi ya WhatsApp hawatalipenda pendekezo hili.

Kwa mama aliyekwisha kukakamaa, kosa la hatari zaidi linalozaliwa na imani ya “mazoezi tu” ni kuacha vidonge. Ni jambo la kila siku: amejiunga na kikundi cha mazoezi, mwili umechangamka, mtu amemwambia dawa za presha ni sumu na jasho linatosha, naye anaziweka kabatini. Mwaka 1991 Marekani ilitoa matokeo ya jaribio lililoitwa SHEP. Watu 4,736 wa miaka 60 na zaidi, zaidi ya nusu yao wanawake, wote wakiwa na ile presha inayopanda namba ya juu peke yake, waligawanywa kati ya dawa na kidonge kitupu. Dawa ya msingi ilikuwa ile ya kukojoza, ya bei nafuu. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 36. Hakuna klabu ya jogging iliyowahi kuonyesha matokeo kama hayo kwa wagonjwa kama hao, na anayemshauri bibi achague kati ya raba na kidonge anapaswa kumwambia pia ni nani atakayemlisha kwa kijiko upande mmoja wa mwili ukipooza.